Okonkwo anapiga wake zake. Achebe je?

Binti ya kaka yangu alikuja kukaa kwangu likizo ile, yuko kidato cha tano, akapekua kabati akakuta Things Fall Apart, riwaya ya Chinua Achebe wa Nigeria, akaichukua mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Nilifurahi kwelikweli. Siku ya pili jioni narudi kazini nakuta kitabu kimefungwa kimewekwa mezani, namuuliza vipi ushamaliza, ananiambia shangazi mi hiki siendelei nacho, huyu baba aliyekiandika anadharau wanawake.

Alikuwa amefika pale Okonkwo, mhusika mkuu, anapomtwanga Ojiugo, mke wake mdogo, kosa lenyewe kaenda kusukwa nywele akachelewa kurudi kupika.

Nilitaka kumpa jibu tulilopewa sisi shuleni, kwamba mhusika na mwandishi ni watu wawili, usiwachanganye, basi yameisha. Lakini lilinikwama. Kwanza mi mwenyewe nilipewa jibu hilo nikiwa na umri wake na halikunitosha, maana mtu anaweza kuandika kitabu kizima anamtukana jirani yake kupitia mdomo wa mhusika alafu akaja kusema "siyo mimi, ni mhusika". Pili, na hili ndo kubwa, Achebe mwenyewe alilikataa jibu hilo! Yeye mwenyewe, hadharani, alipoambiwa asimlaumu mwandishi mwingine kwa hoja hiyohiyo.

Kwaiyo nikamwambia binti yangu tukae, hii ni kesi, tuisikilize kama kesi inavosikilizwa, na kipimo tutakachotumia ni cha Achebe mwenyewe. Tulikaa siku tatu jioni baada ya chakula. Haya ninayoandika ndo yaliyotoka humo, na mengine nimeyafikiria baadaye peke yangu.

Kwanza hicho kipimo. Mwaka 1975 Achebe alikuwa Marekani anafundisha Chuo Kikuu cha Massachusetts pale Amherst, akatoa mhadhara kuhusu Joseph Conrad na riwaya yake fupi Heart of Darkness, ile ya 1899 ya safari ya meli kupanda mto Kongo. Kwenye riwaya ile Waafrika ni mikono na miguu na macho na kelele gizani, wanapewa maneno ya kusema mara mbili tu, mara moja wanaomba wakabidhiwe watu ili wawale, mara nyingine mmoja anatangaza kwamba Kurtz, yule Mzungu wa biashara ya pembe za ndovu, kafa. Achebe akasema bila kuzunguka kwamba Conrad ni mbaguzi wa rangi. Watetezi wa Conrad walikuwa na jibu lao la siku zote, kwamba anayesema maneno yale ni Marlow, mhusika anayesimulia, Conrad kajiweka mbali naye. Jibu la Achebe kwa hilo nalipenda sana. Anasema sawa, kama mwandishi hakubaliani na mhusika wake basi atupe ndani ya kitabu hichohicho mahali pengine pa kusimama, atupe jicho jingine la kumpimia huyo mhusika, hata kwa kudokeza tu. Conrad hakutoa, na alikuwa na uwezo wote wa kutoa kama angeona kuna haja.

Hicho ndo kipimo. Je, ndani ya kitabu kuna mahali pengine pa kusimama, tofauti na pale aliposimama mhusika mbaya? Swali la mhusika anasema nini au anafanya nini linakuwa dogo hapo. Na mi naona ni haki kabisa aliyekitengeneza apimwe nacho, tena kwenye kitabu chake cha kwanza, alichokitoa London 1958 akiwa hajatimiza hata miaka 28.

Sasa mashtaka. Sikutaka kuyapunguza mbele ya binti yule maana yapo na ni mazito. Okonkwo anampiga Ojiugo. Anampiga Ekwefi, mke wa pili, siku chache kabla ya sikukuu ya viazi vikuu vipya, eti kaua mgomba, kumbe mama wa watu kakata majani machache ya kufungia chakula, na mama alivonung'unika kidogo kuhusu bunduki ambazo hazijawahi kuua kitu, bwana akaikimbilia bunduki ileile akamlenga mkewe akafyatua. Ikakosa. Mtu anayemdharau anamwita mwanamke, tena kwenye kikao mbele za watu alimwambia mwenzake asiye na cheo, aliyempinga, kwamba kikao hiki ni cha wanaume. Binti yake Ezinma anampenda kuliko watoto wote lakini upendo wenyewe anautoa kwa masikitiko, kila mara anawaza laiti huyu angezaliwa wa kiume. Na amemuua Ikemefuna, mtoto aliyeletwa kwao mateka na aliyekuwa anamwita baba, kamkata kwa panga kwa mkono wake, kwa kuogopa asionekane dhaifu.

Binti akaniambia unaona sasa, af kijiji kizima kinamwona mtu mkubwa.

Hapo nikamwambia turudi palepale ulipofungia kitabu, kurasa mbili tatu mbele, kwa sababu uliacha kabla kesi haijaendelea. Kile kipigo cha Ojiugo kilitokea ndani ya Wiki ya Amani, wiki ambayo kabla ya kupanda hakuna mtu kumwinulia mwenzake mkono wala sauti. Kuhani wa Ani, mungu mke wa ardhi, anaingia kwa Okonkwo jioni hiyohiyo, anakataa hata kula mbegu ya kola anayokaribishwa nayo, anampa adhabu: mbuzi jike mmoja, kuku mtetea mmoja, kitambaa na kauri mia, zile kombe zilizokuwa pesa yao. Kwaiyo kijiji kimesema hapana.

Binti yule ana akili, akasoma akaniambia shangazi mbona hapa hawakatai kupiga, wanakataa wiki. Kuhani anasema hata ungemkuta na mwanaume mwingine bado ungekuwa umekosa kumpiga wiki hii. Na faini inaenda kwa mungu, Ojiugo hapati hata pole.

Ni kweli. Sikuwa na la kujibu pale na mpaka leo sina, isipokuwa kwamba kuona hivo kumewezekana kwa sababu Achebe kaiandika ionekane. Hajaweka sukari. Angeweza kumfanya yule kuhani atoe hotuba nzuri ya kutetea wanawake, msomaji afurahi, na ingekuwa uongo kuhusu Umuofia, kwao Okonkwo. Mi namwamini zaidi mwandishi anayeniachia uchungu wangu.

Hali ni hiyohiyo kwenye kesi ya Mgbafo sura ya 10. Mumewe Uzowulu alikuwa anampiga kila siku miaka tisa, alimpiga mpaka mimba ikatoka, kaka zake wakaja wakamtwanga jamaa wakaondoka na dada yao na watoto. Kesi inaamuliwa na egwugwu, mizimu ya mababu iliyovaa vinyago, na hukumu ni kwamba Uzowulu apeleke chungu cha pombe ukweni akambembeleze mkewe arudi, na anaambiwa kwamba mwanaume kupigana na mwanamke huo siyo ushujaa. Mara baada ya hapo mzee mmoja anamuuliza mwenzie jambo dogo kama hili limefikaje kwa egwugwu. Jambo dogo! Mwenzie anamjibu kwamba Uzowulu ni wa aina ambayo haisikii hukumu nyingine yoyote. Na mwanzoni kabisa mwa sura ile msimulizi, siyo mhusika, msimulizi mwenyewe, anatwambia kwa jinsi watu walivokaa ilikuwa wazi shughuli ni ya wanaume, wanawake walikuwepo wengi lakini wamesimama pembeni kama wageni. Nikamwambia binti soma hapo mara mbili. Mtu asiyewaona wanawake hawezi kuandika mstari ule. Mwanaume ambaye anaona ni sawa wakae pembeni hata hagundui kwamba wako pembeni, kwake ni kawaida kama ukuta wa nyumba.

Jicho jingine ndo hilo, na siyo hapo tu. Siku Ogbuefi Ndulue, mzee mkubwa, kafariki, mkewe mkubwa Ozoemena kaenda kumwangalia, kamwita jina lake mara tatu, karudi kibandani kwake kalala, naye kafa. Obierika, rafiki wa karibu wa Okonkwo, anasema wale wawili walikuwa na roho moja, mzee hakuweza kufanya lolote bila kumwambia mkewe. Okonkwo anashangaa, anasema mi nilidhani alikuwa mtu wa nguvu ujanani. Na wenzie wanamjibu alikuwa, aliongoza Umuofia vitani. Mi nikifika hapo kila mara nasimama. Achebe hajasema neno, kaweka tu wanaume wa kijiji hichohicho, wa umri huohuo na mila hizohizo, ambao kwao mtu anaweza kuwa jemadari na akashauriana na mkewe, alafu kamweka Okonkwo katikati yao haelewi. Marlow wa Conrad hana Obierika wa kumshangaa.

Kuna lile neno pia. Okonkwo akiwa mtoto mwenzie alimwambia baba yako ni agbala, na ndo siku aliyojua neno hilo siyo la mwanamke tu, ni la mwanaume asiye na cheo pia, na aibu ile ikamla maisha yake yote, kila kitu alichokifanya alikuwa anamkimbia baba yake Unoka mpiga filimbi mwenye madeni. Sasa Agbala ni jina la nani kwenye kitabu hichohicho? La mungu wa vilima na mapango anayeogopwa na wote, ambaye anasema kupitia kuhani mwanamke. Wakati wa Okonkwo kuhani ni Chielo, mjane mwenye watoto wawili, anauza sokoni banda moja na Ekwefi, ukimwona mchana humdhanii. Usiku mmoja anakuja kumchukua Ezinma mgongoni ampeleke kwa Agbala na Okonkwo yule simba wa nyumbani anabembeleza, mtoto kalala, njoo asubuhi, akaambiwa mtu hasemi mungu anaposema. Na akanyamaza! Alafu baadaye anawafuata gizani na panga lake, mara kadhaa anaenda na kurudi kwa wasiwasi, anamkuta Ekwefi kasimama nje ya pango anamngoja mtoto, wanangoja wote wawili kimya. Neno lilelile alilolikimbia kama tusi ndo neno linalomtawala.

Na akimuua kwa bahati mbaya mtoto wa mzee Ezeudu kwenye msiba wa mzee huyo, bunduki imepasuka, kosa lenyewe kwa mila zao linahesabiwa la kike kwa sababu halikukusudiwa, anafukuzwa miaka saba, anakimbilia wapi? Kwao mama yake, Mbanta. Mjomba wake Uchendu anamkalisha mbele ya ndugu wote anamuuliza kwa nini sisi watoto tunawapa jina Nneka, mama ni mkuu, na wakati mwanaume ndo kichwa cha nyumba? Okonkwo anasema sijui. Mwanaume mzima na wake watatu, hajui. Mjomba anamweleza, mtoto akipigwa na baba anakimbilia kwa mama.

Alafu sura chache mbele anakuja mwanamke wa kwanza kujiunga na Wakristo pale Mbanta, mjamzito wa miezi ya mwisho, mimba nne zilizopita alizaa mapacha na kila mara wametupwa porini. Jina lake Nneka. Wakwe zake wanasema bora kaenda. Binti yule aliponisomea hapo alinyamaza muda mrefu na mi nikanyamaza. Mwandishi aliyetoka tu kutupa hotuba nzuri ya mama ni mkuu, kachukua jina lilelile kampa mama ambaye ukoo huohuo ulimtupia watoto wanane. Hakuna mhusika yeyote anayeliunganisha hilo, wala msimulizi. Kaliacha hapo tulikute.

Nikasema basi, kwa kipimo chake mwenyewe Achebe kapita. Mfumo dume uliomo ndani ya Okonkwo haujaachwa peke yake ukasema mpaka mwisho, umezungukwa pande zote na watu na miungu na majina yanayoupinga, na unamuua mwenyewe, kajinyonga, na kwa mila zao hata kuzikwa na ndugu zake hawezi.

Niseme kidogo kuhusu sisi wasomaji wa Kiswahili. Tafsiri ya Clement Ndulute iliyotoka Nairobi 1973 inaitwa Shujaa Okonkwo. Jina la Kiingereza limetoka kwenye shairi la Yeats na linaomboleza vitu vinavyosambaratika, la kwetu linakupokea mlangoni na kumpa mtu sifa kabla hujasoma. Simlaumu mfasiri, shujaa kwetu anaweza kufa vibaya pia. Ila nimekutana na watu wazima, wanaume hasa, wanaomtaja Okonkwo kama mfano wa mwanaume wa kweli wa Kiafrika, siku hizi wamelegea, na nawauliza kitabu mlikisoma chote au mliishia kwenye mieleka yake na Amalinze ukurasa wa kwanza? Mtu anayesoma hivo anamfanya Achebe aseme alichosema Okonkwo, na ni kosa lilelile alilofanya binti yangu siku ya kwanza, tofauti yake huyu kakasirika na yule kafurahi.

Lakini kesi haijaisha, na sehemu hii ndo iliyonifanya niandike.

Jioni ya tatu binti ananiuliza, shangazi, mke mkubwa wa Okonkwo anaitwa nani?

Nikafungua mdomo nikitaka kusema. Sikuwa nalo. Nimekisoma kitabu hiki sijui mara ngapi. Ekwefi namjua, Ojiugo namjua, yule wa kwanza, aliyemlea Ikemefuna miaka mitatu kama mwanae, yule ambaye Nwoye, mwanae wa kumzaa, alipenda hadithi zake za kobe kuliko hadithi za baba yake za vita, huyo kwenye kitabu chote ni "mama yake Nwoye". Tulipitia wote wawili sura kwa sura tukaangalia. Hakuna.

Nilimtetea kwanza. Nikamwambia hata kwetu mwanamke akishazaa anaitwa Mama Fulani na ni heshima, mama yangu mi mtaani kwetu aliitwa kwa jina la baba yako tangu najua kusikia na hakuna aliyemdharau. Akaniambia sawa, lakini wewe jina la bibi unalijua. Na Ekwefi ana mtoto na bado anaitwa Ekwefi, mtoto mwenyewe anamwita Ekwefi.

Hapo nilishindwa. Hapa siwezi kusema ni Okonkwo, Okonkwo hasimulii kitabu. Huyu ni msimulizi, na nyuma ya msimulizi hakuna mtu mwingine wa kumsukumizia. Nikiliweka hilo pamoja na Mgbafo, ambaye kesi ni yake, mwili uliopigwa ni wake, mume kaulizwa, kaka kaulizwa, yeye hakuulizwa na hakuna egwugwu, mzee wala msimulizi anayegundua kwamba hakuulizwa. Lile jicho kali lililoona wanawake wamesimama pembeni lilichoka hapo. Wachambuzi wanawake wameyasema mambo haya zamani, Florence Stratton kwenye kitabu chake cha 1994 alimbana Achebe vikali kuhusu nafasi ya wanawake Umuofia, na nakumbuka nilivomsoma mara ya kwanza nilikasirika kwa niaba ya Achebe. Sikukasirika tena baada ya jioni ile.

Kwaiyo uamuzi wangu mi ni huu. Kipigo, bunduki, matusi, laiti angekuwa wa kiume, hivo vyote ni vya Okonkwo na Achebe kavihukumu ndani ya kitabu. Anachodaiwa Achebe kiko mahali ambapo hakuna mtu mbaya hata mmoja, ni mama anapika, anasimulia hadithi, analea mtoto aliyeletwa mateka, na hana jina. Tukitafuta dharau ya mwandishi kwenye mdomo wa mhusika mkatili hatuipati, pale alikuwa macho, alikuwa anafanya kazi. Alisinzia kwingine.

Na deni lile nadhani alilijua. Flora Nwapa alipomletea mswada wa Efuru, riwaya ya mwanamke tangu mwanzo mpaka mwisho, Achebe ndo alikuwa mhariri wa mfululizo wa waandishi wa Afrika wa kampuni ya uchapishaji ya Heinemann, ikatoka humo 1966. Na 1987, miaka 29 baada ya Okonkwo, katoa Anthills of the Savannah, ambamo Beatrice anaona mbali kuliko wanaume wote wanaomzunguka, na mwishoni kuna mtoto kazaliwa, baba yake kauawa, na jina ambalo kwa desturi lingetolewa na mwanaume anatoa Beatrice. Mtoto ni wa kike na jina analompa ni la kiume, Amaechina, njia isifungwe kamwe. Anaambiwa mbona hili la wavulana, anasema la msichana pia. Nasoma pale namkumbuka Ezinma na baba yake, na namkumbuka yule mama.

Binti alirudi shule Jumapili. Niliporudisha kitabu kabatini nilikifungua, nikakuta kila penye mama yake Nwoye kapiga mstari kwa penseli, toka sura za mwanzo mpaka anapopotea kwenye hadithi, na pale walipomchukua Ikemefuna, Nwoye akashinda kibandani kwa mama yake na machozi machoni, kapiga mistari miwili.